Kujifungua ukiwa na maambukizi ya zinaa: lini upasuaji unasaidia na lini hausaidii

Mjamzito akipewa majibu ya kaswende, malengelenge ya sehemu za siri au VVU, swali linalomtoka kwanza huwa hili: "Sasa nitapasuliwa?" Mara nyingi jibu ni hapana. Maambukizi mengi ya zinaa hutibiwa au hudhibitiwa kwa dawa wiki nyingi kabla ya uchungu, na upasuaji haumwongezei mtoto kinga yoyote. Ni machache tu ambayo njia ya kujifungua ina uzito, na hata kwa hayo uamuzi hutegemea kitu kinachoonekana au kuhesabika: kidonda kipo au hakipo siku ya uchungu, kiwango cha virusi kwenye damu kimeshuka au hakijashuka.

Basi kazi yako katika miezi hii ni mbili. Ujue ugonjwa wako uko kundi lipi, kisha uhakikishe atakayekuzalisha anajua unachokijua wewe.

Hatua ya 1: Uliza ugonjwa unampata mtoto wapi

Kabla ya kuuliza habari za upasuaji, muulize daktari au mkunga swali hili: "Ugonjwa huu unampata mtoto akiwa tumboni, wakati anapita ukeni, au baada ya kuzaliwa?" Jibu lake litakueleza karibu kila kitu kinachofuata.

Vimelea vya kaswende huvuka kondo la nyuma na kumwambukiza mtoto akiwa bado tumboni. Kumtoa kwa upasuaji mtoto ambaye huenda keshaambukizwa hakumwepushi na kitu. Kisonono, klamidia na malengelenge kwa kawaida humpata akiwa njiani, anapogusana na majimaji ya uke, mlango wa kizazi au kidonda. VVU na homa ya ini B hupita hasa kwenye damu na majimaji wakati wa uchungu na kuzaliwa, ingawa VVU vinaweza pia kumfikia akiwa tumboni na hata baadaye kwenye maziwa ya mama.

Upasuaji, kwa hiyo, una maana pale tu njia ya uke ndiyo yenye hatari, na dawa haijaweza kuiondoa hatari hiyo kwa wakati.

Hatua ya 2: Pima mapema, kisha pima tena

Hudhurio la kwanza la kliniki lisipite bila vipimo vya VVU, kaswende na homa ya ini B. Wengi wakishapata majibu mazuri huona mambo yamekwisha. Hayajaisha. Mtu anaweza kuambukizwa mwezi wa sita au wa nane wa ujauzito, na maambukizi mapya ya kipindi hicho ndiyo yenye hatari kubwa kwa mtoto. Omba kurudia kipimo cha VVU na cha kaswende katika miezi mitatu ya mwisho, hata kama ndoa yako ina amani tele. Kipimo hakimtuhumu mtu.

Malengelenge yako tofauti: kliniki nyingi haziyapimi kwa mjamzito asiye na dalili. Usiposema mwenyewe kwamba umewahi kuyapata, hakuna atakayejua. Sema pia kama mwenzi wako ndiye mwenye historia hiyo na wewe huna. Hapo ushauri ni kuacha kujamiiana katika miezi mitatu ya mwisho, na kuacha pia ngono ya mdomo ikiwa yeye hutokwa na vidonda vya homa mdomoni, kwa kuwa virusi vya mdomoni vinaweza kuhamia ukeni.

Hatua ya 3: Maliza kwa dawa yale yanayomalizika kwa dawa

Kaswende hutibiwa kwa sindano ya penisilini ya benzathini, yuniti milioni 2.4 kwa dozi. Ikiwa ni ya karibuni hutibiwa kwa dozi moja, ingawa baadhi ya madaktari huongeza ya pili kwa mjamzito. Ikiwa ni ya muda mrefu au haijulikani ilianza lini, ni dozi tatu, moja kila wiki. Kwa mjamzito kuruka wiki moja kunaweza kumlazimu aanze upya, kwa hiyo panga safari zako kuzifuata sindano. Jambo la kukumbuka ni siku 30: tiba ikianza chini ya siku 30 kabla ya kujifungua, madaktari hawamhesabu mtoto kuwa amelindwa vya kutosha, naye huenda akahitaji tiba yake mwenyewe akizaliwa.

Kama una mzio wa penisilini, usikubali haraka kubadilishiwa dawa. Kwa mjamzito penisilini ndiyo tiba ya kuaminika inayomfikia na mtoto pia, ndiyo maana hospitali hupendelea kuuzoesha mwili kidogo kidogo, chini ya uangalizi, hadi uweze kuipokea. Ndani ya saa 24 baada ya sindano ya kwanza unaweza kupata homa na maumivu ya mwili, na wakati mwingine tumbo likaanza kukaza. Likikaza, au mtoto akipunguza kucheza, nenda hospitali. Sindano zinazofuata usiziache.

Njia ya kujifungua kwa mwenye kaswende: ya kawaida, isipokuwa kuna sababu nyingine.

Kisonono hutibiwa kwa sindano ya seftriaksoni na klamidia kwa vidonge vya azithromaisini. Trikomona, maambukizi ya ukeni yanayoletwa na kimelea, hutibiwa kwa metronidazo. Mwenzi naye atibiwe, la sivyo mtarudishiana. Kwa klamidia, rudia kipimo baada ya wiki 4 hivi kuhakikisha imekwisha, kisha tena baada ya miezi mitatu. Hata mama akifika leba na kisonono ambacho hakijatibiwa, hapelekwi kupasuliwa kwa ajili hiyo. Hutibiwa yeye, na mtoto hulindwa macho. Katika miaka ya 1880 daktari Carl Credé wa Leipzig, Ujerumani, alianza kuwawekea watoto wachanga matone ya nitrati ya fedha machoni, na upofu wa kisonono ukapungua sana. Leo hutumika mafuta ya tetrasaiklini au erithromaisini, lakini kazi ni ileile. Usipoona yakipakwa, uliza.

Hatua ya 4: Malengelenge, ambako siku yenyewe ndiyo huamua

Hapa tukae kidogo, maana ndipo penye mkanganyiko mwingi.

Jambo linalopima hatari ni lini uliambukizwa kwa mara ya kwanza, zaidi hata ya kuwa na virusi vyenyewe. Mwanamke aliyeambukizwa miaka iliyopita, au mwanzoni mwa ujauzito, ameshatengeneza kingamwili, na kingamwili hizo huvuka kondo la nyuma na kumkinga mtoto. Hatari ya mtoto wake kuambukizwa iko chini ya asilimia 1. Aliyeambukizwa karibu na kujifungua hana kingamwili za kumgawia mtoto, na virusi kwake ni vingi. Akijifungua kwa njia ya uke, hatari hupanda hadi asilimia 30 mpaka 50. Ugonjwa ni uleule, hatari ni mbali kama mbingu na ardhi. Ndiyo maana daktari atakuhoji sana kuhusu mara ya kwanza. Kama hukumbuki, kipo kipimo cha damu cha kingamwili kinachotofautisha aina ya kwanza na ya pili ya virusi, nacho husaidia kujua kama kidonda unachokiona leo ni maambukizi mapya au ya zamani yaliyojitokeza.

Kuanzia wiki ya 36, wenye historia ya malengelenge hupewa dawa za kuzuia yasitokee: kwa kawaida asiklovia miligramu 400 mara tatu kwa siku, au valasiklovia miligramu 500 mara mbili kwa siku, hadi siku ya kujifungua. Dawa hizi hupunguza uwezekano wa kuwa na kidonda siku ya uchungu, na kwa hiyo hupunguza upasuaji. Kwa maoni yangu hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote katika ukurasa huu, nayo husahaulika kwa sababu mama wakati huo hana dalili yoyote. Ikifika wiki ya 35 hujaandikiwa, itaje wewe.

Uchungu ukianza, mkunga au daktari atakuangalia kwa makini: mashavu ya uke, ndani ya uke na mlango wa kizazi. Wewe nawe jisikilize. Kuwashwa, kuchomachoma au ganzi mahali ambapo vidonda hutokea ni dalili kwamba virusi vimeamka hata kama ngozi bado ni safi. Usione haya kusema.

Kama hakuna kidonda wala dalili hizo, unajifungua kwa njia ya kawaida. Ukiwa na kidonda ambacho ni cha maambukizi ya kwanza, au yaliyoanza ndani ya wiki sita za mwisho, upasuaji hupendekezwa karibu kila mahali. Penye tofauti ni kidonda cha kujirudia: Marekani miongozo huelekeza upasuaji kwa kila mwenye kidonda au dalili za kuanza kwake, Uingereza mama huelezwa kwamba hatari ni ndogo na anaweza kuchagua njia ya uke. Ukisikia madaktari wawili wakitofautiana, usidhani mmoja hajui kazi. Na kidonda kilichoko pajani, mgongoni au matakoni, mbali na uke, hufunikwa tu. Hakizuii njia ya kawaida ikiwa ukaguzi haujaonyesha kingine.

Chupa ikivunjika huku una kidonda, usikae nyumbani ukisubiri uchungu ukolee. Nenda mara moja, kwa sababu muda ambao mtoto anakaa wazi kwa virusi una maana. Lakini hata saa zikiwa zimepita, upasuaji bado unaweza kusaidia. Asikuambie mtu kwamba umechelewa bila kukupima.

Ukijifungua kwa njia ya uke ukiwa na historia hii, waombe waepuke, inapowezekana, kumchoma mtoto kichwani kwa kifaa cha kusoma mapigo ya moyo, kumvuta kwa vakyumu au koleo, na kupasua chupa kabla ya wakati wake. Kila mchubuko kwenye ngozi ya mtoto ni mlango.

Hatua ya 5: VVU, ambako namba ndiyo huamua

Bila tiba yoyote, mama mwenye VVU humwambukiza mtoto kwa kiwango cha asilimia 15 hadi 45, ukijumlisha ujauzito, kujifungua na kunyonyesha. Akitumia ARV vizuri na virusi vikashuka hadi kutoonekana kwenye kipimo, hatari ya kumwambukiza wakati wa kuzaliwa hushuka chini ya asilimia 1. Hakuna upasuaji unaofanya kazi kubwa kiasi hicho.

Hakikisha kiwango cha virusi kinapimwa kati ya wiki ya 34 na ya 36, na majibu yanakufikia wewe mwenyewe. Uingereza, mama mwenye chini ya nakala 50 za virusi kwa mililita ya damu hushauriwa kujifungua kwa njia ya kawaida. Kati ya 50 na 399 mjadala hufunguliwa. 400 na kuendelea hupendekezwa upasuaji. Marekani mpaka ni nakala 1,000: juu ya hapo upasuaji hupangwa wiki ya 38, na dripu ya zidovudini, dawa ya VVU, huanza kutolewa saa tatu kabla ya kupasuliwa. Uliza mpaka unaotumika hapo unapotibiwa ni upi, kisha linganisha na majibu yako.

Upasuaji wa kumkinga mtoto na VVU una faida ukifanywa kabla uchungu haujaanza na chupa haijavunjika. Baada ya hapo faida hupungua sana, na daktari atalazimika kupima upya. Na kwa mama ambaye virusi havionekani, upasuaji humwachia kidonda na kovu bila kumpunguzia mtoto hatari yoyote ya maana. Nimeona watu wakiuomba kama bima ya ziada. Bima ya kweli ni kidonge cha kila siku.

Kama umegundulika ukiwa umechelewa, mwezi wa nane mathalani, usikate tamaa. Dawa zenye dolutegravia hushusha virusi haraka, hata wiki chache zikatosha kubadili namba. Anza siku hiyohiyo.

Baada ya kuzaliwa mtoto hupewa dawa za kinga, kwa kawaida wiki 6, na huongezwa muda au aina ya dawa ikiwa hatari ilikuwa kubwa. Kuhusu kunyonyesha, Shirika la Afya Duniani huelekeza mama anayetumia ARV kunyonyesha maziwa pekee kwa miezi 6, kisha aendelee pamoja na vyakula vingine angalau hadi mwaka mmoja. Katika nchi kadhaa tajiri ushauri wa kwanza bado ni maziwa ya kopo. Amueni pamoja na wahudumu kabla ya siku yenyewe, maana kitanda cha leba si mahali pa kuanza mjadala huo.

Hatua ya 6: Homa ya ini B na masundosundo

Homa ya ini B yenyewe si sababu ya upasuaji. Kinachomwokoa mtoto ni chanjo ndani ya saa 24 za kwanza, na pale inapopatikana, sindano ya kingamwili wakati huohuo. Mama mwenye virusi vingi, zaidi ya yuniti 200,000 kwa mililita, hupewa tenofovia kuanzia wiki ya 28 hivi. Kunyonyesha ni ruhusa. Suala ni kwamba chanjo hiyo haisubiri: kuanzia saa ya kwanza, muulize nesi kama imeshatolewa.

Masundosundo hukua wakati wa ujauzito na huweza kutisha kwa kuyatazama, kisha mengi hunywea yenyewe baada ya kujifungua. Upasuaji hufikiriwa tu yakiwa makubwa kiasi cha kuziba njia au kuelekea kutoa damu nyingi. Yanaweza kugandishwa au kuunguzwa kwa asidi na mtaalamu. Dawa za kupaka za dukani, hasa zenye podofilini, zisiguswe na mjamzito.

Hatua ya 7: Andaa karatasi na maneno ya kusema

Usitegemee kwamba faili litasomwa. Zamu hubadilika, na usiku leba ikijaa hakuna anayefungua kurasa za nyuma. Andika karatasi fupi: ugonjwa, tarehe ya kugundulika, dawa na dozi, majibu ya mwisho na tarehe yake, njia ya kujifungua mliyokubaliana, na mtoto anatakiwa apewe nini. Iweke juu ya kadi yako ya kliniki.

Halafu kuna suala la siri. Huenda anayekusindikiza ni mama mkwe, shemeji au rafiki asiyejua lolote. Wiki kadhaa kabla, mwambie mkunga nani anajua na nani hajui, na mkubaliane kwamba mambo hayo yataongelewa mkiwa wawili tu. Ukifika leba, unaweza kusema hivi: "Dada, kabla hujanipima naomba tuzungumze faragha kidogo. Kuna jambo kwenye kadi yangu linalohusu njia ya kujifungua." Inatosha. Mkunga mzoefu ataelewa na kuwatoa watu chumbani kwa kisingizio chochote.

Ukikubaliana na upasuaji, uujue kwa pande zote. Kupona huchukua wiki kadhaa, kuna hatari ya damu kutoka nyingi, kuganda kwa damu na kidonda kuoza, na katika mimba zijazo kondo la nyuma linaweza kujishikiza kwenye kovu. Kila upasuaji unaoongezeka huongeza hatari hiyo. Palipo na sababu ya kweli, hayo yote ni bei inayolipika. Pasipo na sababu, ni deni utakalolilipa mimba inayofuata. Mwombe daktari ataje sababu kwa maneno yanayoeleweka na aiandike.

Hatua ya 8: Mwangalie mtoto wiki za kwanza

Uangalizi hauishii kwenye mlango wa hospitali, na upasuaji haufuti hatari yote.

Macho yenye usaha mwingi na kope zilizovimba siku ya 2 hadi ya 5 huelekeza kwenye kisonono, na hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo. Yakianza kati ya siku ya 5 na ya 12, klamidia hushukiwa zaidi. Kikohozi kisichoisha mwezi wa kwanza hadi wa tatu nacho huweza kuwa nimonia ya klamidia.

Malengelenge ya mtoto mchanga huweza kujitokeza wakati wowote ndani ya wiki 4 hivi za kwanza, na mara nyingine bila lengelenge hata moja. Homa au mwili kupoa isivyo kawaida, kukataa kunyonya, kulegea, kulia kwa namna ngeni, kushtuka au degedege: yoyote kati ya hizo, mpeleke hospitali saa hiyohiyo na uyataje malengelenge (herpesi) wewe mwenyewe, ili asiklovia ya mshipani ianze kabla majibu hayajarudi. Unaweza kumnyonyesha ukiwa na historia hii, ila si kwa titi lenye kidonda. Na mtu yeyote mwenye kidonda cha homa mdomoni, awe bibi, shangazi au baba mtoto, asimbusu mtoto mpaka kikauke kabisa.

Mtoto wa mama mwenye kaswende huchunguzwa na kupimwa damu, na vipimo hurudiwa kila miezi miwili au mitatu hadi vitakapokuwa safi. Wa mama mwenye VVU hupimwa kipimo cha virusi akiwa na wiki 4 hadi 6, na jibu la mwisho hutolewa akifikisha miezi 18 au miezi 3 baada ya kuacha kunyonya, lolote litakalokuja baadaye. Aliyechanjwa homa ya ini B akamilishe dozi zote, kisha apimwe damu akiwa na umri wa miezi 9 hadi 12 kuona kama chanjo imeshika.